Swali la Tatu

Jiko la chuma limekwisha kula mavi yote ya yaki,
wino umeganda; naipasha kalamu moto kwapani.
Karatasi ishirini na tatu, darasa la nane, bonde la Zanskar,
nazisahihisha na blanketi mabegani.
Swali la tatu, alama kumi:
soma ubeti ufuatao, kisha ueleze dhamira.

    Nalimwona mlimani, jicho lake la dhahabu,
    Bunduki i mkononi, kidole chataka jibu,
    Nikasikia moyoni, huruma yanikaribu,
    Bunduki nikaishusha, nikaenda taratibu.

Mshairi alikuwa mtu wa Delhi.
Kitabu kinasema aliishi kando ya reli, akipenda chai na paka.

Ishirini na wawili wamejibu nilivyowafunza:
dhamira ni huruma; nafsineni ni mwindaji aliyeongoka;
vina vya kati ni, vya mwisho bu;
mizani kumi na sita, imetimia.
Rigzin ameongeza kwamba chui wa theluji ni mnyama mzuri
na serikali inampenda.
Nimewapa saba, nane, saba.

Kisha Chuskit, wa karibu na dirisha lililopasuka,
mwandiko wake umelala upande kama nyasi za upepo:

“Mwalimu, mshairi hakutwambia mbuzi walikuwa wangapi.
Wetu walikuwa kumi na mmoja.
Mama alifungua zizi alfajiri
akadhani theluji imeyeyuka ikawa tope.
Chui alikuwa amelala pembeni,
kidevu juu ya mbuzi mweupe niliyemwita Karmo,
ameshiba hata tundu la paa alimoingilia
hawezi kulirukia tena.
Jicho la dhahabu sikuliona. Alisinzia.
Alinuka.

Baba mdogo Namgail alikwisha kuokota jiwe.
Kila mtu alikwisha kuokota jiwe, hata mimi.
(Bunduki hatuna, kwa hiyo mshororo wa pili
sikuuelewa vizuri.)
Mama alisimama mbele yetu na ufagio.
Hakutaja huruma. Alisema,
‘Tokeni mlangoni, apate pa kupita.’
Akapita. Tumbo lake liliburura chini.
Mama alilia siku tatu, na si kwa ajili ya chui.

Siku ya tisa alishuka kwa baba mdogo,
akaua kondoo wawili, wote wana mimba.
Tangu hapo baba mdogo hupita kwetu
kana kwamba nyumba ilibomolewa zamani.
Chumvi tunaazima ng’ambo ya mto.
Nilimuuliza mama kama angefungua tena.
Aliendelea kusukasuka chai.

Kwa hiyo dhamira siijui.
Ulisema mizani ni kumi na sita.
Nimehesabu: mbuzi kumi na mmoja, kondoo wawili,
wana wao wawili waliokuwa tumboni,
na baba mdogo. Kumi na sita.
Lakini hizo zote ziko upande mmoja.
Upande wa pili yuko chui peke yake,
na sijui inatimiaje.”

Hapo karatasi imeisha.
Amegeuza nyuma akachora mlango, bila nyumba.

Mwongozo wa kusahihisha ninao, una muhuri wa wilaya:
jibu ni huruma; jibu jingine, sifuri.
Kalamu imepata moto, wino unashuka,
mwekundu, na kidole changu juu yake.
Niliwafundisha uhuru wa mshairi mwezi mzima.
Wa msomaji haumo katika silabasi.

Mbwa wa Namgail anabweka huko chini,
ananyamaza, anabweka tena,
na nyumba moja baada ya nyingine
taa zinawaka mazizini.

Nimeiweka karatasi yake chini ya zote.
Nimeitoa.
Ngoja kwanza niisome tena ya Rigzin.
Zile nane nilimpa za nini?